Gari limezima majini: kabla hujagusa swichi

Gari likizima katikati ya maji, mkono wa dereva hukimbilia swichi kabla akili haijafika. Hapo ndipo injini nyingi zinapokufa. Mara nyingi maji yanakuwa yameingia kidogo tu, na injini imezima bila kuvunjika kitu. Kinachovunja ni stata ya pili na ya tatu, inayopigwa na mtu aliyechanganywa na honi za walio nyuma yake. Kwa hiyo hapa tunaanza na swichi ikiwa imezimwa. Na kama bado umo ndani ya gari, maji yanapanda au yanapita kwa kasi, achana na injini na utoke: sentimita 30 za maji yanayotiririka zinatosha kulinyanyua gari dogo, na sentimita 60 huondoka na magari mengi, hata yale marefu.

Hesabu ya vijiko

Hewa hugandamizika, maji hayagandamiziki. Ugomvi wote uko hapo. Chukua injini ya petroli ya lita 2 yenye silinda nne. Kila silinda inavuta nusu lita ya hewa, na pistoni ikifika juu kabisa, kwa mgandamizo wa 10 kwa 1, nafasi inayobaki juu yake ni mililita 55 hivi. Havifiki hata vijiko vinne vya mezani. Maji yakizidi hapo, pistoni haina pa kwenda. Dizeli ndiyo mbaya zaidi: kwa mgandamizo wa 17 kwa 1, silinda ya ukubwa uleule hubakiwa na mililita 31, yaani vijiko viwili.

Sasa weka mwendo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inagandamiza mara 25 kwa sekunde. Maji yakiingia katika hali hiyo, lazima kitu kimoja kishindwe, na kinachoshindwa kwanza kwa kawaida ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni zote. Inapinda, au inakatika na kutoboa bloku, yaani mwili wa injini. Injini iliyokuwa ikinguruma taratibu, bila kukanyagiwa mafuta, inaweza kumeza maji yaleyale ikasimama tu, nzima. Ndiyo maana swali la kwanza fundi makini atakalokuuliza halihusu kina cha maji. Atauliza gari lilizima vipi.

Lilizimaje?

Jibu hili peke yake linakata nusu ya kazi, kwa hiyo likumbuke vizuri, na usilitie chumvi wala kulipunguza kwa aibu.

Kama lilizima ghafla, kwa kishindo au kwa mshtuko kana kwamba limegonga ukuta, chukulia kwamba maji yamefika ndani ya silinda hadi vipimo vikuambie vingine. Uzimaji wa namna hii huja sana gari linapoingia majini kwa kasi na kusukuma wimbi mbele yake, au gari kubwa linapopita upande wa pili na kukurushia wimbi lake. Mdomo wa kuvutia hewa kwenye magari mengi madogo umejificha nyuma ya taa au juu ya radieta, na wimbi huufikia hata pale ambapo maji yaliyotulia hayafiki magotini.

Kama lilikohoa, likamisi, likapoteza nguvu kidogo kidogo kisha likanyamaza, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo ni umeme: koili, waya za plagi, disteributa kwenye magari ya zamani, au soketi ya sensa iliyolowa. Hii ni habari njema, lakini haikupi ruhusa ya kupiga stata. Chujio la hewa lililolowa pia huizima injini hivihivi, kwa kuibana pumzi, na hatua inayofuata baada ya chujio kulowa ni maji kuvutwa ndani.

Na kama halikuzima lenyewe, bali ulilizima wewe ulipoona maji yanapanda, hongera. Hata hivyo fuata ukaguzi wa hapa chini, maana gari lililosimama muda mrefu kwenye maji marefu linaweza kuingiza maji kupitia ekzosi, yakapenya kwenye valvu zilizobaki wazi.

Kwanza litoe, usiliwashe

Livutwe au lisukumwe likiwa kwenye nyutro. Usikubali lisukumwe ili liwake kwa gia. Huo mtindo ni mbaya kuliko stata, kwa sababu magurudumu yana nguvu ya kuizungusha krenki kuliko stata itakavyoweza kamwe. Gari la otomatiki ni bora libebwe, na linalosukumwa na magurudumu yote manne vilevile. Ukifika pakavu, chomoa terminali hasi ya betri. Kisha piga picha ya alama ya maji kwenye milango na ndani ya boneti kabla hujaosha chochote. Alama hiyo itakuambia maji yalifika wapi, na kama una bima, utaulizwa.

Likiwa gari la haiburidi au la umeme, usiguse waya zenye ganda la rangi ya machungwa. Hilo mpelekee aliyefunzwa.

Fungua boksi la ea klina. Usitazame chujio tu, pitisha kidole chini ya boksi na ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini. Chujio likiwa kavu na bomba kavu, karibu uhakika silinda hazikupata maji kwa njia ya juu. Chujio likilowa upande wa nje tu na bomba likawa kavu, umeokoka kwa bahati. Bomba likiwa na matone au tope baada ya chujio, usiguse stata hadi plagi zote zitoke.

Halafu oili. Chomoa kijiti cha kupimia. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeshachanganyika na maji. Lakini maji ni mazito kuliko oili, hutulia chini ya sampu, ile karai ya oili iliyo chini ya injini, na injini ikizima mara moja hayapati nafasi ya kuchanganyika. Kwa hiyo kijiti kinaweza kutoka na oili safi kabisa, ila kipimo kimepanda juu ya alama. Ukitilia shaka, acha gari lisimame saa kadhaa kisha legeza nati ya kumwagia oili polepole: kama maji yapo, ndiyo yatakayotangulia kutoka.

Dalili: stata inagonga mara moja, injini haigeuki

Unasikia «tak», taa za deshibodi zinafifia, basi. Sababu ni moja kati ya tatu: betri au terminali zake, stata iliyozama, au silinda iliyojaa maji. Watu wengi huanza na betri kwa kuwa ni rahisi, wakaunga waya kutoka gari jingine lenye nguvu. Kama sababu ni ya tatu, wameongeza nguvu ya kupinda konrodi.

Njia salama ni kuanza na mbaya zaidi.

Kabla ya kufungua plagi, puliza maji na uchafu kwenye mashimo zinamokaa. Kwenye injini nyingi za sasa mashimo hayo ni marefu na hushika maji kama kikombe. Ukifungua plagi bila kuyakausha, unamimina mwenyewe maji ndani ya silinda ambayo pengine ilikuwa kavu. Nimeona kazi hii ikifanywa na mtu aliyeijua vizuri, ila alikuwa na haraka.

Toa plagi zote, si moja. Kwenye dizeli toa hita plagi, au nozeli kama hita plagi hazifikiki. Chomoa soketi za koili, na fyuzi au relei ya pampu ya mafuta, ili pasiwe na cheche wala petroli inayorushwa. Kisha tia spana kwenye boliti ya puli ya krenki na uzungushe kwa mkono, kwa upande injini inakozunguka ikiwaka, mizunguko miwili kamili. Mizunguko miwili ndiyo inayozipitisha silinda zote kwenye hatua zake nne. Ikigoma mahali, usilazimishe. Kuna kitu kimepinda au valvu imekwama.

Ikizunguka laini, rudisha betri na upige stata kwa sekunde tatu nne, usimame, upige tena. Maji yatatoka kwenye mashimo ya plagi kwa nguvu ya kuumiza jicho, kwa hiyo kaa pembeni. Endelea mpaka utoke ukungu, kisha hewa kavu. Ukishamaliza, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye kila silinda na uzungushe tena. Maji yameosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, na kutu huanza upesi, kwa saa si kwa wiki. Kama hutaweza kufanya kazi yote siku hiyo, angalau fanya hili la oili.

Plagi zikiwa nje na bado stata haizungushi injini ambayo mkono unaizungusha, sasa ndipo uitazame stata yenyewe na betri.

Dalili: stata inazungusha vizuri, haiwaki

Silinda zimeshathibitishwa kavu na injini inazunguka kwa sauti ya kawaida. Kama inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama mashine ya kushona, pima kwanza kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Vinginevyo fuata umeme. Fungua koili moja moja, kausha, angalia kama mpira wake una nyufa. Kausha soketi ya sensa ya krenki, ambayo mara nyingi iko chini na ndiyo ya kwanza kuzama. Bila ishara yake kompyuta ya gari haijui pistoni ziko wapi, haitoi cheche wala mafuta. Angalia boksi la fyuzi. Na ujue kompyuta yenyewe inakaa wapi, maana kwenye baadhi ya magari vifaa vya umeme viko chini ya kiti au zulia, na zulia hushika maji siku nyingi baada ya juu kuonekana pakavu.

Usikaushe soketi kwa moto. Tumia hewa ya kompresa, kisha dawa ya kusafishia vifaa vya umeme.

Mafuta nayo yaweza kuwa na maji, kupitia kipumulio cha tangi au kifuniko kilicholegea. Kwenye dizeli mwaga chujio la mafuta kupitia nati ya chini na utazame kinachotoka kwenye chupa angavu: maji hujitenga chini. Dizeli yenye maji usiijaribu hata mara moja, kwa sababu dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli, na maji hayalainishi kitu.

Dalili: imewaka, lakini inatetemeka au inagonga

Hapa ndipo watu hudanganyika, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Moshi mweupe kwa dakika chache za mwanzo si ajabu, ni maji yaliyobaki kwenye sailensa yanageuka mvuke. Ukiendelea injini ikiwa imepata joto, na maji ya radieta yanapungua, shuku gasketi ya hedi, kile kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini. Kumisi kwa silinda moja kunaweza kuwa koili. Sensa ya hewa iliyo karibu na ea klina ikilowa, injini huzubaa unapokanyaga mafuta; isafishe kwa dawa yake maalumu, usiiguse kwa kitambaa.

Lakini mtetemo ambao hauishi hata baada ya kubadilisha koili na plagi, au mgongano wa chuma kwa chuma unaopanda na mwendo wa injini, ni lazima uchukuliwe kuwa ni konrodi iliyopinda hadi kipimo kikatae. Konrodi iliyopinda huwa fupi. Pistoni yake haifiki juu kama wenzake. Kwenye silinda yenye kipenyo cha milimita 86, pistoni ikiishia milimita 1 tu chini, nafasi ya juu yake inaongezeka kwa karibu mililita 6, na mgandamizo wa 10 kwa 1 unashuka hadi 9 hivi. Kwenye geji ya kompresheni utaona, kwa mfano, silinda tatu zikisoma psi 180 na moja ikisoma 160. Fundi mvivu atasema 160 bado ni nzuri. Namba yenyewe si hoja, hoja ni tofauti na majirani zake.

Pima injini ikiwa na joto, baada ya kuwaka kidogo, kwa sababu silinda zilizooshwa na maji zote husoma chini. Silinda iliyopungua itie kijiko kidogo cha oili na upime tena. Ikipanda ikalingana na nyingine, tatizo ni ringi za pistoni. Ikibaki palepale, ni valvu au konrodi. Kuzitenganisha hizo mbili, ingiza kijiti chembamba cha plastiki au mbao kwenye tundu la plagi, zungusha krenki kwa mkono mpaka pistoni ifike juu kabisa, weka alama kwenye kijiti, kisha linganisha na silinda nyingine. Alama ikitofautiana, jibu unalo. Aliye na kamera ya kupenyeza anaweza pia kutazama ukuta wa silinda: mstari wa masizi juu, pale ringi ya kwanza inapoishia, utakuwa umeteremka au umeongezeka upana kwenye silinda yenye konrodi iliyopinda.

Kwa nini nisisitize hivi kwa gari linalotembea? Kwa sababu konrodi iliyopinda kidogo inaweza kukimbia wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kukatika. Chuma kilichopinda kinapigwa pembeni kila mzunguko, na siku ya kukatika hakikuambii. Hapo bloku inatobolewa, na kazi ambayo ingekuwa ya konrodi moja na beringi zake inageuka kuwa injini nyingine. Atakayekuambia «endesha tu, itajinyoosha», mwulize amewahi kuona chuma kinajinyoosha wapi.

Ukibadilisha konrodi, pima na krenki na ukuta wa silinda palepale. Pistoni iliyokwenda upande huacha mikwaruzo.

Dalili: oili kama chai ya maziwa

Usiwashe injini kuipasha moto ili maji yakauke. Krenki huelea ndani ya beringi zake juu ya utando mwembamba wa oili, na maji hayawezi kuushika utando huo. Mwaga oili yote ikiwa baridi, badilisha chujio, tia oili mpya ya bei nafuu yenye uzito unaofaa, na baada ya kuhakikisha silinda ziko sawa, washa kwa dakika chache bila kukanyaga mafuta. Mwaga tena. Rudia mpaka itoke safi, mara mbili au tatu, kisha ndipo utie oili nzuri. Ukungu mweupe chini ya kifuniko cha oili unaweza kubaki siku mbili tatu. Oili ikigeuka rangi tena baada ya hapo, maji yanatoka kwingine: gasketi ya hedi, au kipoozea oili.

Dizeli ya turbo ina mtego mmoja zaidi. Maji hujikusanya ndani ya intakula, kipoozea hewa inayotoka kwenye turbo, ambayo mara nyingi ndiyo iko chini kabisa kwenye njia ya hewa. Unasafisha kila kitu, unawasha, inanguruma vizuri, unakanyaga mafuta na turbo inayanyanyua maji yote yaliyotulia humo na kuyapeleka kwenye silinda. Ondoa mabomba ya intakula na uyamwage kabla ya kuwasha. Sijui kwa nini hatua hii husahaulika mara nyingi hivyo.

Dalili zinazokuja baada ya siku

Gari halikuzima kabisa, ulipita, ukashukuru. Bado fuatilia haya.

Difu na giaboksi zina vipumulio. Zikiwa na joto kisha zikazama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji. Legeza nati ya kujazia au ya kumwagia na utazame oili: ikiwa ya maziwa, mwaga. Kwenye otomatiki usingoje dalili, kwa sababu maji hubandua vitambaa vya klachi za ndani, na gia ikishaanza kuteleza oili mpya haitarudisha kitu.

Mlio wa kuguguna unaobadilika ukikata kona ni beringi za magurudumu. Mlio wa juu mbele ya injini pamoja na taa ya betri ni altaneta, au mkanda tu uliolowa. Mkanda ukikauka hunyamaza, altaneta hainyamazi. Joto kupanda: tazama feni, kwa kuwa feni inayozunguka ikipiga maji panga zake hupinda mbele na kuchana radieta, na tazama kama majani na tope vimeziba nyavu zake. Mlio wa tiki-tiki injini ikiwa baridi, unaopungua ikipata joto, mara nyingi ni ufa kwenye manifoldi ya ekzosi: chuma cha moto kilichomwagiwa maji baridi. Sensa ya oksijeni hupasuka kwa sababu hiyohiyo, na itawasha taa ya injini wakati kila kitu kingine kinakwenda sawa.

Kisha kuna soketi. Ukungu wa kijani kwenye pini hauonekani siku ya kwanza, huja wiki ya tatu, na huleta matatizo yanayokuja na kuondoka: leo kioo, kesho taa, keshokutwa gari haliwaki asubuhi. Kama maji yalikuwa ya chumvi, usingoje wiki ya tatu. Suuza sehemu zote za chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku ileile, fungua soketi zilizozama moja moja, kausha, na uziwekee grisi ya umeme kabla ya kuzifunga.